Shajara ya mradi: kupima masi na ukubwa wa nyota jozi Zeta Phoenicis kutoka Arua

6 Oktoba 2024: lengo na vifaa

Nyota iliyo peke yake haitwambii ina masi kiasi gani. Rangi yake inatupa joto, lakini masi, ambayo ndiyo huamua nyota itaishi muda gani na itakufa vipi, hujulikana vizuri pale tu kitu kingine kinapoizunguka. Nyota jozi zikiwa zimepangika hivi kwamba kila moja hupita mbele ya mwenzake tukiziangalia kutoka duniani, mwanga wao hupungua kwa ratiba, na katika kupungua huko mna ukubwa wao, joto lao na mwinamo wa njia yao. Nataka kuzipima mwenyewe, kwa kamera ya kawaida, nje kidogo ya mji wa Arua kwenye barabara ya Koboko, na kuandika kila hatua ili mwanafunzi wa Yumbe, Gulu au Tororo aweze kufanya vilevile.

Arua iko kama nyuzi 3 kaskazini ya ikweta. Huo ni utajiri mkubwa: nyota za kaskazini ambazo Wazungu wamezitazama kwa karne nyingi tunaziona, na za kusini wasizoziona kwao tunaziona pia.

Vifaa na bei: kamera ya Canon ya mtumba kutoka Kampala, shilingi 850,000. Lensi ya milimita 50, shilingi 220,000. Stendi ya miguu mitatu 90,000, betri ya akiba 60,000, na rimoti inayopiga picha yenyewe kwa vipindi 45,000. Darubini sina, na kwa nyota zinazoonekana kwa macho haihitajiki.

Kabla ya kutoa kamera nje usiku, nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, pamoja na Hajji mwenye kiwanja. Tuko karibu na mpaka wa Kongo, na mtu mwenye kamera gizani huulizwa maswali. Mwenyekiti alisikiliza, akaomba aonyeshwe picha, kisha akaandika barua fupi yenye mhuri. Anayetaka kuiga mradi huu aanzie hapo.

20 Oktoba 2024: Algol haifai kwa hapa

Nilianza na Algol kwa sababu ndiyo maarufu kuliko nyota jozi zote za namna hii. John Goodricke, kijana Mwingereza asiyesikia, alieleza mwaka 1783 kwamba inafifia kwa mpangilio wa kila siku 2, saa 20 na dakika 49, na akatoa wazo kwamba huenda kuna kitu kikubwa kinachopita mbele yake. Kutoka hapa inapanda hadi kama nyuzi 52 juu ya upeo wa kaskazini. Kwa macho tu mtu anaweza kuiona ikishuka kutoka daraja la mwangaza 2.1 hadi 3.4. (Namba ya daraja ikipanda, mwanga umepungua.)

Lakini kuiona ikififia na kuipima ni kazi mbili tofauti. Kupatwa kwake huchukua kama saa 10 tangu mwanzo hadi mwisho, na mwezi huu nyota yenyewe huchomoza jioni ikiwa imeshaingia usiku, kwa hiyo hakuna usiku mmoja unaotosha tukio zima. Kila baada ya mzunguko mmoja, yaani takriban siku tatu, tukio huja saa 3 na dakika 11 mapema zaidi, hivyo vipande vinapatikana kwa kusubiri, na kila usubiripo mvua ya Oktoba inakupokonya usiku mmoja. Pili, kupatwa kwake kudogo, yaani pale nyota yenye joto dogo inapopita nyuma ya mwenzake, kunapunguza mwanga kwa kama 0.05 ya daraja tu. Katika picha zangu makundi ya vipimo yanatofautiana kwa 0.02 hata anga ikiwa safi. Bila kupatwa kudogo huwezi kujua uwiano wa joto la nyota hizo mbili. Nimeiacha.

Jambo dogo la msimu: kumbikumbi. Baada ya mvua huifuata taa yoyote, hutua kwenye lensi, na kila picha yenye bawa ni ya kutupwa. Taa nyekundu hafifu, iliyofunikwa kwa kitambaa na kuwekwa mbali na stendi, ilimaliza tatizo.

9 Novemba 2024: Zeta Phoenicis, na shida ya usiku tano

Nyota mpya iko kusini, karibu na Achernar inayong'aa sana, kwa hiyo kuitafuta ni rahisi. Zeta Phoenicis huwa daraja 3.91 ikiwa kamili na hushuka hadi 4.42 katika kupatwa kukubwa. Kutoka Arua haipandi zaidi ya nyuzi 32 hivi juu ya upeo. Kipindi chake ni siku 1.66977, sawa na saa 40 na dakika 4. Kupatwa huchukua chini ya saa 6, hivyo usiku mmoja unaweza kubeba tukio zima.

Kipindi hicho kina mtego ambao kila mpimaji wa nyota hii aufahamu kabla hajapanga ratiba. Zidisha 1.66977 kwa 3: unapata 5.0093. Yaani baada ya mizunguko mitatu zimepita siku 5 na dakika 13 tu. Ukiona kupatwa kukubwa leo saa fulani ya usiku, utakuona tena baada ya usiku tano, karibu saa ileile. Kati yake kuna kupatwa kukubwa kwingine mara mbili, lakini kumoja kunakuja mchana na kwingine karibu na alfajiri, nyota ikiwa imeshazama. Mtu wa mahali pamoja anaona vipande vilevile vya mzunguko, tena na tena.

Novemba hii kupatwa kukubwa kumeangukia sehemu nzuri kabisa ya usiku, nyota ikiwa juu. Basi kupatwa kudogo, kunakotokea nusu ya mzunguko baadaye, kunaangukia ama wakati wa magharibi, jua likizama, ama baada ya saa saba usiku, nyota ikikaribia upeo. Nilikaa na kalamu nikachora usiku wote hadi Februari. Kila usiku tano ratiba husogea mbele kwa dakika 13, na nyota yenyewe huzama mapema kwa dakika 4 kila siku. Mistari hiyo miwili ikichorwa pamoja, mpango unajitokeza wenyewe: Novemba nipate nusu ya kwanza ya kupatwa kudogo, pale mwanga unaposhuka, kabla nyota haijazama; Januari, ratiba ikiwa imesogea kwa saa mbili na zaidi, nipate nusu ya pili jioni mapema. Nusu hizo zitaunganishwa kwa hesabu.

Ningemshauri yeyote afanye mchoro huu kwanza, kabla hata ya kununua betri. Nyota nzuri kwenye vitabu inaweza kuwa ngumu kwa kijiji chako, na sababu ni saa yako tu na upeo wako.

24 Novemba 2024: rangi, umande na saa

Kupatwa kukubwa kumepatikana karibu kote, na nusu ya kushuka ya kupatwa kudogo pia. Mipangilio ya kamera: sekunde 8, ISO 400, tundu la lensi f/2.8, picha ghafi za RAW. Picha za JPEG hazifai, kwa sababu kamera imeshabadilisha mwanga kwa ajili ya macho ya watu. Lensi inatolewa kidogo kwenye fokasi ili mwanga wa nyota usambae juu ya pikseli nyingi. Katika kompyuta natumia chaneli ya kijani peke yake, kwa programu ya bure ya AstroImageJ, na kila picha kumi nazifanya wastani mmoja.

Kilichosumbua zaidi ni nyota ya kulinganishia. Kipimo chote kinasimama juu yake: unalinganisha nyota yako na jirani isiyobadilika, ili wingu jepesi au vumbi likipita liziguse zote mbili. Delta Phoenicis ilionekana nzuri, kwani mwangaza wake unakaribiana sana na wa Zeta. Lakini baada ya saa chache mstari ambao ulipaswa kulala sawa ulianza kuinama, hata nje ya muda wa kupatwa. Sababu ni rangi. Delta ni ya rangi ya chungwa, Zeta ni ya bluu. Hewa nene ya karibu na upeo hula mwanga wa bluu kuliko mwekundu, kwa hiyo kadiri zinavyozama Zeta huonekana kupoteza zaidi. Kwenye nyuzi 32 mwanga unapita kwenye hewa karibu mara mbili ya ile ya utosini. Kwenye nyuzi 20 ni karibu mara tatu. Nikabadilisha nikachukua Eta Phoenicis, nyota nyeupe ya daraja 4.36, kama nyuzi nne tu kutoka Zeta. Mstari ukalala. Picha za zamani hazikupotea, kwa sababu Eta ilikuwa ndani ya fremu zote. Nilirudia kupima tu. Hii ndiyo faida ya lensi pana.

Umande: kuanzia saa sita usiku kioo cha lensi hulowa na nyota zote hufifia taratibu, na hilo kwenye grafu linafanana sana na mwanzo wa kupatwa. Fundi wa redio mjini alinitengenezea mkanda wa rezista unaozungushwa kwenye lensi na kupashwa na betri ya pikipiki. Shilingi 20,000, kazi imekwisha.

Saa: saa ya kamera hukimbia au kuchelewa sekunde kadhaa kwa wiki. Sasa mwanzo na mwisho wa kila usiku napiga picha ya kioo cha simu kinachoonyesha saa ya GPS. Muda wote unabadilishwa kuwa siku za Julian, yaani hesabu ya siku mfululizo wanayotumia wanaastronomia, ambazo huanza saa sita adhuhuri ya Greenwich. Kwetu hiyo ni saa tisa alasiri, kwa hiyo usiku wetu mzima unaingia ndani ya namba moja ya siku bila kukatika katikati. Kisha kuna sahihisho la mwendo wa dunia kulizunguka jua: mwanga hutufikia mapema au kwa kuchelewa kulingana na upande tuliopo. Kwa nyota zilizo kwenye njia ya jua tofauti hufika dakika 8.3, kwa Zeta, iliyo mbali na njia hiyo, haifiki dakika 5. Lakini ukiunganisha Novemba na Januari lazima uifanye.

15 Desemba 2024: wavu wa spektra umeshindwa

Mwezi mpevu umejaa anga, ni wakati wa kujaribu kingine. Mwanga ukipimwa peke yake hutoa uwiano tu: nyota hii ni kubwa mara ngapi kuliko ile, na ni sehemu gani ya umbali kati yao. Hautoi kilomita. Ili kupata kilomita na masi unahitaji kasi ya kila nyota, na kasi husomwa kwenye mistari ya spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, ambayo husogea nyota ikija au ikienda (athari ya Doppler).

Niliagiza kutoka nje wavu wenye mistari 100 kwa milimita, unaofungwa mbele ya lensi ili kutawanya mwanga katika rangi. Pamoja na usafirishaji ulinigharimu shilingi 620,000, gharama kubwa kuliko zote baada ya kamera. Spektra ilitoka, na ni ya kupendeza: mistari ya haidrojeni kwenye Sirius inaonekana wazi. Kwa kazi yetu, hata hivyo, haifai, na hesabu inaonyesha kwa nini. Nyota ndogo ya jozi hii huenda kwa kama kilomita 203 kwa sekunde. Kwa mstari wa haidrojeni wa nanomita 656.3, kasi hiyo inausogeza kwa nanomita 0.44 tu. Wavu huu unachanganya pamoja nanomita kadhaa. Hakuna ujanja wa kompyuta utakaorudisha kile ambacho kioo hakikutenganisha.

Kwa hiyo kasi nazichukua kwa wataalamu. Johannes Andersen alizipima na kuchapisha mwaka 1983, na kazi yake bado inaaminika: takriban kilomita 131 kwa sekunde kwa nyota kubwa, na 203 kwa ndogo. Atakayeiga mradi huu asinunue wavu kwa ajili ya masi. Aununue kama anapenda kuona spektra kwa macho yake, na mimi siujutii kwa hilo.

4 Januari 2025: moshi, na chini palipo tambarare

Kiangazi kimekuja na kuchoma nyasi. Anga ya kusini jioni ni ya kahawia, na moshi haukai sawa: unapita kwa vipande, ukigusa Eta kabla ya Zeta. Nilichofanya ni kutumia nyota tatu za kulinganishia, zote nyeupe au za bluu na zilizozunguka Zeta pande mbalimbali, na kutupa kila kundi la picha ambalo nyota hizo tatu hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe kwa zaidi ya 0.03. Theluthi hivi ya picha za wiki hizi imetupwa. Kinachobaki ni safi. Umeme ukikatika mjini mwanga wa upeoni hupungua sana, na usiku wa namna hiyo ndio uliozaa vipimo bora kuliko vyote.

Na nusu ya pili ya kupatwa kudogo imepatikana, kama mchoro wa Novemba ulivyoahidi. Giza lilipoingia nyota ilikuwa tayari imefifia. Ikakaa palepale, kipimo baada ya kipimo bila kubadilika, halafu ikaanza kupanda taratibu. Nilipounganisha na Novemba, chini ya kupatwa kudogo palikuwa tambarare kwa saa 1 na dakika 9 hivi. Tambarare hiyo ina maana kubwa: nyota ndogo imefichwa yote nyuma ya kubwa. Kwa muda huo wote tunaona mwanga wa nyota moja tu, na kilichopungua ni mwanga wote wa yule mwenzake. Kupatwa kukubwa hakuna tambarare ya namna hiyo. Huko ndogo inapita mbele ya uso wa kubwa, na kwa kuwa uso wa nyota hung'aa zaidi katikati kuliko pembeni, chini ya grafu pamejipinda kama bakuli.

Nilimwonyesha Hajji grafu. Akauliza kama hizo nyota mbili mtu anaweza kuziona zimetengana. Hapana, hakuna lensi yangu itakayozitenganisha. Tunazijua kwa mwanga unaokosekana.

26 Januari 2025: hesabu kwenye karatasi

Kabla ya kutumia programu yoyote nilitaka kupata jibu kwa mkono, kwa kudhani njia ni duara na tunaitazama ubavuni kabisa. Zeta iko karibu sana na hali hiyo, ingawa njia yake ina uduaradufu kidogo.

Kupatwa kote huchukua saa 5.6, na tambarare saa 1.15. Kipindi ni saa 40.07. Gawanya muda wa kupatwa kwa kipindi, zidisha kwa pai, chukua sini: unapata jumla ya nusukipenyo mbili, kama sehemu ya umbali kati ya nyota. Jibu ni 0.425. Fanya vivyo hivyo kwa tambarare na unapata tofauti yao, 0.090. Basi nyota kubwa ni 0.257 ya umbali huo, ndogo ni 0.168. Mpaka hapa ni saa na grafu tu, hakuna kingine.

Sasa zije kasi za Andersen. Jumla ni kilomita 334 kwa sekunde, na mzunguko mmoja ni sekunde 144,268. Zidisha, gawanya kwa mara mbili ya pai: umbali kati ya nyota hizo ni kilomita milioni 7.67, yaani mara 11 ya nusukipenyo cha jua. Nusukipenyo cha nyota kubwa kinatoka 2.84 cha jua, cha ndogo 1.85. Kwa sheria ya tatu ya Kepler, inayounganisha umbali, kipindi na masi, masi ni 3.92 na 2.53 za jua. Nyota ndogo ndiyo yenye kasi zaidi kwa sababu ndiyo nyepesi.

Joto: kupatwa kudogo kunaondoa 0.25 ya daraja, yaani asilimia 21 ya mwanga. Huo ndio mchango wa nyota ndogo. Ukiugawanya kwa eneo la uso wake, kila kipande cha uso wa nyota ndogo hutoa kama asilimia 61 ya mwanga wa kijani wa kipande kilekile cha kubwa. Nikichukua joto la kubwa kuwa kelvini 14,400 kama lilivyochapishwa, la ndogo linatoka karibu 11,700.

Kuna jambo ambalo lilinifanya nirudie hesabu ili niwe na hakika. Gawanya masi kwa ujazo: nyota kubwa ina msongamano wa kama gramu 0.24 kwa sentimita ya ujazo. Jua letu ni 1.41. Nyota yenye masi karibu nne za jua ni nyepesi kuliko maji, kipimo kwa kipimo.

16 Februari 2025: kulinganisha, gharama, na nyota inayofuata

Thamani zilizochapishwa, pamoja na zile za John Southworth za mwaka 2020 zilizotumia TESS, setilaiti inayopima mwanga wa nyota, ni masi kama 3.9 na 2.5, na nusukipenyo kama 2.8 na 1.9. Masi zangu haziwezi kuwa mbali, kwa vile kasi ni za mwingine. Kipimo changu halisi ni nusukipenyo na uwiano wa joto. Nyota ndogo kwangu imetoka ndogo kidogo. Ninashuku mambo mawili. La kwanza ni mwanga wa tatu: karibu sana na jozi hii kuna nyota hafifu ambazo kamera yangu haizitenganishi, na asilimia chache za mwanga wao hufanya kila kupatwa kuonekane kwa kina pungufu. La pili ni kwamba mwanzo na mwisho wa tambarare nimeusoma kwa jicho kwenye grafu, na kosa la dakika tano hapo husogeza nusukipenyo zote mbili kwa pande tofauti. Programu ya PHOEBE ya kukokotoa nyota jozi, ambayo ni ya bure na imejengwa juu ya mbinu ya Wilson na Devinney ya mwaka 1971, inaweza kuyashughulikia yote mawili kwa pamoja. Nimeipakua; bando pekee lilikula shilingi 50,000 za mwezi huu.

Gharama zote mpaka leo ni kama shilingi 2,200,000, pamoja na boda boda, bando na kuchaji. Bila wavu wa spektra ingekuwa kama 1,600,000. Wanafunzi watano wakichanga, wanaweza kutumia kamera moja.

Kabla mvua za Aprili hazijafika nageukia nyota jozi nyingine, V Puppis. Kipindi chake ni siku 1.4545, na safari hii nimefanya mchoro kwanza: mizunguko 11 inalingana karibu kabisa na siku 16, kwa hiyo kila usiku kati ya hizo 16 unaleta kipande kipya, na hatua kati ya kipande na kipande ni kama saa 2 na robo tu. Mzunguko mzima utafunikwa kwa nusu ya mwezi, kama moshi utaruhusu. Ugumu ni mwingine: nyota zake ziko karibu kiasi kwamba zimevutana zikapoteza umbo la tufe, mwanga haukai sawa hata nje ya kupatwa, na hesabu ya sini niliyotumia kwa Zeta haifai kwake. Hapo PHOEBE si hiari tena. Picha ghafi za Zeta, pamoja na jedwali la vipimo, ziko kwenye diski, na anayezitaka ili aanze kujifunza kupima atapewa nakala.